Maji ya kunywa na maji ya kutuliza

Katika kazi yangu maji hupimwa kwa lita na kwa presha. Nimefunga matangi, pampu na mabomba kwenye majengo marefu ya Nairobi tangu Upper Hill ilipokuwa na nyumba nyingi za bustani kuliko maghorofa, na muda wote huo hakuna aliyewahi kuniuliza maji ya tangi langu yanakwenda na kurudi kwa sekunde ngapi. Swali hilo lililetwa na mhandisi wa miundo, mama wa maneno machache ambaye mafundi wote tunamwita Injinia. Alikuwa na michoro ya jumba la makazi la Westlands ambalo bado lilikuwa kwenye karatasi: karibu mita 184 kwenda juu, upande wake mwembamba mita 18 tu, kwa sababu kiwanja kilikuwa kimebanwa pande zote. Mwenye mradi alikuwa ameona kwenye simu video ya lile tufe la chuma la ghorofa la Taipei 101 huko Taiwan, tani 660 zinazoning'inia kwenye nyaya na kubembea kimbunga kinapopiga, akataka kitu cha namna hiyo kwa bei ya Nairobi. Injinia akamwambia iko njia ya maji. Ndipo nikaitwa.

Tangu mradi ule, mafundi wenzangu na wenye majumba huniuliza kama matangi ya juu ya paa yanapunguza kuyumba kwa jengo. Kwa kifupi, hayapunguzi, isipokuwa yawe yamepimwa kwa kazi hiyo na kuachwa yaifanye. Marefu yake ndiyo haya.

Injinia alianza kwa kunipeleka juu ya paa la jengo la ofisi ninalotunza pampu zake. Aliweka kipima mtikisiko sakafuni, kisanduku kisichozidi betri ya gari kwa ukubwa, akakiunganisha na kompyuta yake, kisha tukasogea mbali na kukaa kimya. Upepo ulikuwa wa kawaida tu, wa kupeperusha karatasi. Miguuni sikuhisi kitu. Lakini kwenye skrini mstari ulikuwa ukipanda na kushuka taratibu bila kukoma, na kila mzunguko ulichukua muda uleule. Jengo lilikuwa linayumba, nami nimelipanda miaka na miaka nikijua limesimama.

Kila jengo refu lina mdundo wake. Upepo ukiwa mkali litakwenda mbali zaidi, ukiwa mdogo litakwenda kidogo, lakini muda wa kwenda na kurudi haubadiliki sana. Kuna kanuni ya haraka ambayo hata fundi wa bomba anaweza kuibeba kichwani: chukua kimo cha jengo kwa mita, gawanya kwa 46, utapata sekunde za mzunguko mmoja. Jumba la mikutano la KICC, lenye mita 105, linakupa sekunde 2.3 hivi. Times Tower, mita 140, sekunde 3. Jumba letu la Westlands lilitupa sekunde 4. Hayo ni makisio ya kuanzia tu. Kuta za ndani, umri wa zege na namna msingi ulivyokaa vyote huleta tofauti, na mara nyingi jengo lililokamilika hupimwa likakutwa gumu kuliko hesabu zilivyosema, yaani mzunguko wake ni mfupi zaidi. Hilo la mwisho liwekwe akilini, tutalihitaji.

Kilichonishangaza zaidi ni upande wa kuyumba. Nilidhani upepo ukitoka mashariki jengo litasukumwa magharibi, basi. Kweli linasukumwa, lakini jengo refu na jembamba huyumba sana kushoto na kulia kwa upepo, kinyume na mtu anavyodhani. Upepo ukipita kwenye kona za jengo huacha nyuma vizingia vya hewa, yaani hewa inayojizungusha, kimoja upande huu, kingine upande ule, kwa zamu. Kila kizingia kinapobanduka hulivuta jengo upande wake. Zamu hizo zikienda polepole au haraka kuliko mdundo wa jengo, hakuna makubwa. Zikilingana na mdundo huo, kila mvuto hulikuta jengo likiwa tayari linaelekea upande ule, na mwendo hukua.

Injinia aliniandikia hesabu yake nyuma ya risiti ya vifaa. Kwa jengo la mraba, kasi ya upepo inayoleta ulingano huo hupatikana kwa kuzidisha upana wa jengo kwa idadi ya mizunguko kwa sekunde, kisha kugawanya kwa 0.12. Jengo la upana wa mita 30 lenye mdundo wa sekunde 4 lingehitaji upepo wa mita 62 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 225 kwa saa. Upepo wa namna hiyo ni wa kimbunga cha baharini, haujui njia ya kuja Nairobi. Kwa upana wetu wa mita 18 kasi inashuka hadi mita 37 au 38 kwa sekunde, bado juu sana kwa mji huu, ila sasa unaona kwa nini wembamba wa kiwanja ulikuwa unamkosesha Injinia usingizi. Mwendo hauanzi ghafla pale kasi inapolingana. Huanza kukua mapema, jengo likiwa bado mbali na hatari.

Mtu mwenye haki lazima aseme wazi kwamba majumba yetu mengi hayana shida hii. Ni ya zege, ni mazito, na yana viuno vipana. Britam Tower pale Upper Hill ina takriban mita 200 ukihesabu mlingoti wake, na umbo lake hubadilika kadiri linavyopanda, jambo ambalo wahandisi wa upepo hulipenda kwa sababu vizingia vya hewa havipati nafasi ya kupangana kwa mdundo mmoja kutoka chini hadi juu. Tena Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya sita, kwa hiyo upepo wa kasi ileile hapa husukuma kwa nguvu ndogo zaidi. Mwanakandarasi anayekuja kukuuzia dampa, yaani kifaa cha kutuliza kuyumba, kwa jumba la ghorofa 20 lililo pana huko Kilimani anakuuzia koti la manyoya.

Hata pale dampa inapofaa, kazi yake hasa si kuzuia jengo lisianguke. Nguvu ya jengo iko kwenye kuta na nguzo. Dampa ni ya watu walio ndani. Binadamu haoni mwendo wenyewe, anahisi mabadiliko ya mwendo, yaani mchapuko. Ukifika sehemu 5 kati ya 1,000 za mvutano wa dunia, baadhi ya watu huanza kuhisi. Kwa nyumba za kuishi wahandisi wengi hawapendi uvuke kati ya sehemu 10 na 15 kwa upepo mkali unaotarajiwa mara moja katika miaka 10. Ofisi huruhusiwa zaidi, 20 hadi 25, kwa sababu mtu wa ofisi halali pale, na upepo ukimsumbua anaweza kwenda zake nyumbani. Jumba letu lilikuwa la kulala.

Sasa maji yanaingiaje? Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani anajua kwamba kuna mwendo fulani wa miguu ambao maji huukubali, yakaanza kucheza na kumwagika mabegani, na ndiyo sababu watu huweka majani juu ya maji kabla ya kupanda mlima. Maji ndani ya chombo yana mdundo wake, unaotegemea urefu wa chombo na kina cha maji. Mbebaji anaukimbia mdundo huo. Mhandisi wa jengo anautafuta kwa makusudi. Anataka maji yacheze kwa mdundo uleule wa jengo, lakini yakiwa yamechelewa robo ya mzunguko, ili uzito wao ugonge ukuta wa tangi kinyume na jengo linakokwenda. Nguvu iliyokuwa inatikisa vyumba inahamia kwenye mawimbi, na mawimbi yanaiua kwa kuvunjika na kusuguana na vizuizi.

Mabaharia walilijua jambo hili kabla ya wajenzi. Meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Inflexible iliwekewa chumba cha maji katika karne ya 19 ili isilale sana upande. Mwanzoni mwa karne ya 20 Mjerumani Hermann Frahm akatengeneza matangi ya meli yenye umbo la herufi U, maji yakipanda mkono mmoja na kushuka mwingine. Kwenye majengo walioanza kwa bidii ni Wajapani: mnara wa kuongozea ndege wa Nagasaki uliwekewa matangi ya maji yanayocheza mwaka 1987, na hoteli ya Shin Yokohama Prince ikafuata miaka michache baadaye. Mwaka 2001 Vancouver wakakamilisha One Wall Centre, ghorofa 48, mita 150, ikiwa na matangi mawili ya umbo la U kileleni. Comcast Center ya Philadelphia ina tangi la zaidi ya lita milioni moja.

Tulipokutana na mwenye mradi, alisikiliza yote hayo kwa adabu, kisha akafunga daftari.

"Injinia, si tayari tuna matangi juu? Fundi huyu hapa anaweka lita laki mbili za wapangaji. Tumieni hayo hayo."

"Mzee, hayo ni ya kunywa na kuoga," Injinia akajibu.

"Maji ni maji, mama yangu."

Injinia akanigeukia mimi. Kwa mara ya kwanza katika kikao cha wahandisi na wasanifu majengo, nilikuwa na la kusema kuliko wote, kwa kuwa tabia za tangi la Nairobi nazijua kuliko za watoto wangu. Saa kumi na mbili asubuhi watu wote wanaoga, tangi linashuka. Saa nne linaanza kupanda. Siku za mgao halipandi kabisa, linashuka hadi boza, lori la maji, lije, nalo boza huja likitaka. Jumamosi mashine za kufulia zinaanza. Ukitaka kujua kina cha maji kwenye tangi la juu ya paa saa nane usiku wa Jumanne, lazima upande ukatazame.

Na kina ndicho kila kitu. Tulilipigia hesabu pale pale mezani. Tangi la urefu wa mita 6 upande wa kuyumba, lenye maji ya kina cha mita 1, hucheza kwa sekunde 4 kamili. Punguza maji kwa sentimita 10, mdundo unakuwa sekunde 4.2 kasoro kidogo. Punguza sentimita 30, unafika 4.7. Jengo liko palepale kwenye 4. Maji yako sasa yanacheza ngoma nyingine, na umebaki na mzigo juu ya paa. Ukilijaza zaidi nako unakosea: kina cha mita 1.3 kinakupa sekunde 3.6. Lile tangi la wapangaji lingekuwa sawa kwa dakika chache asubuhi na dakika chache jioni, likipita kwenye kina chake bila kusimama.

Mzee hakushawishika. Hesabu za mezani huwa hazimshawishi mtu aliyejenga majumba kwa macho yake. Injinia akasema tutengeneze kielelezo, nami nikakipeleka kwa kijana mmoja wa kuchomelea vyuma Kariobangi Light Industries, ambaye alidhani tunatengeneza mzani wa kuuzia mahindi.

Tulisimamisha vyuma bapa vinne kwenye kitako kizito, juu yake ubao, na juu ya ubao mfuko wa saruji wa kilo 50. Hilo ndilo lilikuwa jumba. Ukilivuta kwa kamba na kuliachia linayumba. Juu ya mfuko tukaweka tangi jembamba la plastiki ngumu inayoonyesha ndani, urefu sentimita 60, yaani moja ya kumi ya lile la kweli. Kwa urefu huo na maji ya sentimita 10, mdundo wa maji ni sekunde 1.27 hivi. Sasa ilibidi jumba la vyuma nalo liyumbe kwa muda huohuo. Kijana wa Kariobangi alikuwa na sikio zuri kwa kazi hii kuliko sisi: alikuwa akikaza vibano juu na chini kwenye vile vyuma, anaachia, anahesabu mizunguko kumi kwa saa ya simu, anagawanya, anakaza tena. Injinia alikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akinywa chai.

Tulianza bila maji. Jumba likayumba muda mrefu, likipungua kidogo kidogo. Kisha tangi tukalijaza pomoni hadi mfuniko. Hapo hakuna wimbi lolote, maji yamekaa kama jiwe, na jumba likayumba vilevile, polepole kidogo tu kwa sababu limeongezewa uzito. Nilifurahi sana Mzee alipoliona hilo baadaye, maana ndilo tangi ambalo kila mwenye jumba hujivunia. Tulipopunguza maji hadi sentimita 10 mambo yakageuka. Maji yalianza kulala huku na huku, na ndani ya mizunguko michache mfuko wa saruji ulikuwa karibu umesimama.

Karibu. Maana hapo ndipo tulipoona jambo ambalo sikulitegemea. Jumba lilisimama, maji yakaendelea kucheza kwa nguvu peke yake, halafu jumba likaanza kuyumba tena bila kuguswa na mtu. Maji yalikuwa yameichukua nguvu, hayakuwa na pa kuitupa, yakairudisha. Likasimama, likaanza, likasimama. Kijana wa Kariobangi aliita majirani waje waone. Injinia hakushangaa, alikuwa anangoja tuione wenyewe. Akasema tutafute wavu wa kuku. Tulikata vipande, tukavisimamisha ndani ya maji kukatiza njia ya wimbi, kama yale majani ya ndooni, na safari hii jumba liliposimama halikuanza tena. Wimbi lilipita kwenye wavu, likachanika, likafa. Tulipoongeza vipande vya wavu kupita kiasi maji yakashindwa kucheza kabisa, tukarudi kwenye tangi la kujaa. Kwa hiyo wavu nao una kiasi chake. Kwenye majengo ya kweli huwekwa skrini za chuma au nguzo ndani ya tangi, nazo hupigiwa hesabu kama sehemu nyingine yoyote ya muundo.

Kisha tukashusha maji hadi sentimita 7, kama siku ya mgao. Jumba likayumba, maji yakatingishika ovyo bila kushirikiana nalo.

Mzee alikuja kuona siku iliyofuata. Alivuta kamba mwenyewe, mara nyingi kuliko tulivyotarajia, huku suti yake ikirushiwa maji. Hakuzungumzia tena matangi ya wapangaji. Swali lake lililofuata lilikuwa la mwenye mali: kiasi gani, na napoteza nini?

Hapo habari ilikuwa chungu. Sehemu ya uzito wa jumba inayoshiriki kuyumba kileleni ilikisiwa kuwa tani 10,000 hivi. Ili maji yawe na maana, Injinia alitaka uzito unaocheza uwe asilimia moja na nusu ya hiyo, yaani tani 150. Lakini maji ya tangi fupi la kina kidogo hayachezi yote. Katika vipimo vyetu ni takriban robo tatu tu zinazokwenda na wimbi, robo iliyobaki inabebwa tu kama abiria. Kwa hiyo tani 200. Lita 200,000, yaani boza 20 za lita 10,000, zimekaa kileleni bila kumnywesha mtu. Kwa kina cha mita 1 hayo ni mita za mraba 200 za sakafu, zaidi ya theluthi ya ghorofa nzima ya jumba letu, ghorofa ambayo ndiyo ya bei ya juu kuliko zote. Matangi yanaweza kupangwa moja juu ya jingine, ila kila moja linahitaji nafasi tupu juu ya maji, la sivyo wimbi la siku ya dhoruba litapiga dari.

Na malipo yake? Jengo la zege hujituliza lenyewe kwa asilimia moja hadi mbili ya kiasi ambacho kingelizuia kabisa kwenda na kurudi. Ukiweza kuongeza kiwango hicho maradufu, mchapuko unaotokana na kuyumba kwa mdundo hupungua kwa asilimia 30 hivi. Mzee alitarajia nusu. Injinia hakumpaka mafuta.

Mimi nilileta wazo moja, na nasema bila aibu kwamba lilikuwa zuri: maji ya zimamoto. Kila jengo refu lazima liweke akiba ya maji ya moto, na akiba hiyo, tofauti na ya kuoga, haiguswi. Kina chake kinatulia. Injinia akatabasamu akasema Vancouver walishafanya hivyo, maji ya matangi yao ya One Wall Centre yanaweza kutumika na zimamoto pia. Sharti ni moja tu: siku jengo linawaka moto, hakuna anayejali kama linayumba, lakini baada ya kila jaribio la pampu za moto maji lazima yarudishwe kwenye alama yake. Tangi la umbo la U lingetupa uhuru zaidi, kwa sababu mdundo wake unafuata urefu wa njia ya maji kutoka mkono hadi mkono, karibu mita 8 kwa sekunde 4, lakini umbo hilo ni kazi ngumu ya zege na Mzee alishaanza kuhesabu siku.

Yaliyobaki yalikuwa ya upande wangu, na wahandisi huwa wanayaruka. Maji yaliyosimama huzaa mbu na ukungu, hivyo tangi lifunikwe na maji yatiwe dawa. Januari na Februari Nairobi hukausha, kwa hiyo maji hupungua bila mtu kuyatumia. Floti ya kawaida ya chooni haifai, kwa sababu wimbi likiipiga hufungua na kufunga hovyo. Kina kipimwe kwenye bomba dogo la pembeni lililotulia. Bomba la kufurikia liwe juu ya wimbi, sio juu ya maji tulivu, ama sivyo kila dhoruba itamwaga sehemu ya dampa barabarani. Ukuta wa tangi linalocheza hupigwa upya kila upepo unapovuma, kwa hiyo rangi ya kuzuia uvujaji tunayopaka matangi ya kawaida haitoshi. Na pawepo mtu mmoja, kwa jina na kwa mshahara, ambaye kazi yake ni kusoma kile kina. Jambo hili la mwisho ndilo nililolipigania zaidi. Nimeona mitambo mizuri sana mjini ikifa kwa kukosa mtu wa kuitazama, kwanza ikipuuzwa, kisha ikisahauliwa, mwishowe ikigeuzwa stoo ya viti vibovu.

Kielelezo kidogo cha jumba kilipelekwa nje ya nchi kupimwa kwenye handaki la upepo. Majibu yalipokuja, mtikisiko ulikuwa ndani ya kiwango cha makazi, lakini ukikaribia mpaka. Msanifu alikubali kukata kona nne za jengo ili vizingia vya hewa vikose makali, na kuta za katikati zikaongezwa unene. Kwa hayo wakaona tangi linaweza kungoja. Lakini Injinia aliomba, akapewa, mihimili ya kileleni yenye uwezo wa kubeba zile tani 200, chumba kitupu cha matangi na vipande vya bomba vilivyozibwa. Jengo likifika juu litapimwa mdundo wake halisi kwa kile kisanduku. Likiwa gumu kuliko hesabu, kama yalivyo mengi, kina cha maji kitapangwa upya kufuata kipimo. Ukiwa na chuma ungelazimika kubadilisha nyaya au springi. Ukiwa na maji unafungua valvu.

Siku hizi nikiitwa kwa sababu "jumba linatikisika" huanza na swali: linatikisika kama kuyumba, au kama kutetemeka? Huko Kilimani mama mmoja wa ghorofa ya juu alisema usiku kitanda chake kinacheza na glasi zinalia kabatini. Mwenye jumba alikuwa ameshasikia habari za maji kutuliza maghorofa, akaagiza matangi mengine mawili ya lita 10,000. Jengo lilikuwa na mita 45 hivi, mdundo wake hauwezi kupita sana sekunde moja, na tena usiku ule hapakuwa na upepo. Niliweka simu sakafuni kwake na programu ya kupima mtikisiko. Mstari ulikuwa mnene kama brashi, mara 24 kwa sekunde. Pampu ya kupandisha maji inayozunguka mara 1,450 kwa dakika hutoa mdundo huohuo, na ilikuwa imefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye zege, chini ya chumba cha mama yule.

Nilibadilisha raba za chini ya pampu, nikaweka kiungo laini kwenye bomba na kulegeza kibano kilichokuwa kinabana ukuta. Yale matangi mawili tuliyafunga hata hivyo. Mtaa ule maji huja kwa mgao.